Anayelipia Simu Kila Siku Ana Haki ya Kupatana Bei

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ya viwandani ikishaingia, maduka ya simu yaliyopangana kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela hujaa wateja wa aina mbili. Wapo wanaokuja kuchukua simu ya mkopo kwa mara ya kwanza. Hao hupewa kiti, huulizwa wanapenda rangi gani, na baada ya muda mfupi huondoka na boksi jipya. Wapo pia wanaokuja na simu mkononi, simu ambayo wameilipia siku baada ya siku kwa miezi mingi. Hawa wanataka kujua kama wanaweza kumaliza deni mapema, au kurudisha hiyo ndogo wapewe kubwa, au angalau wapunguziwe kidogo kwa kuwa hawajawahi kuruka siku. Hao husimama. Kijana wa kaunta huandika nambari ya kitambulisho, hungoja kidogo, kisha hutoa jibu ambalo limezoeleka mno masikioni mwetu: "Mama, sistimu imekataa."

Imekataa nini? Kwa sababu gani? Mama haambiwi. Akiuliza salio lake ni pesa ngapi, anatajiwa siku zilizobaki. Akiuliza atapunguziwa kiasi gani akilipa zote leo, anaambiwa apigie huduma kwa wateja. Akipiga, anaambiwa arudi kwa ajenti aliyemuuzia. Anatoka pale akiwa na simu ileile, deni lilelile na maswali yaleyale, na kesho alfajiri malipo ya siku yanamngoja.

Nasema hivi bila kuzunguka: mtu anayelipa deni lake bila kukosa ndiye mteja bora kuliko wote, na mteja bora ana haki ya kukaa mezani na kupatana bei. Katika biashara ya simu za mkopo mambo yamegeuzwa. Mteja ana nguvu siku ya kwanza tu, kabla hajatoa hata shilingi. Akishatia sahihi, kadiri anavyolipa ndivyo sauti yake inavyopungua. Kinachomnyima sauti ni kukosa tarakimu tatu: bei ya taslimu ya simu aliyochukua, jumla ya pesa atakazolipa mpaka mwisho, na kiasi ambacho kingemaliza deni leo hii. Kampuni ambayo haiko tayari kumwandikia mteja tarakimu hizo tatu haifai kuruhusiwa kumkopesha.

Shilingi ishirini zilivyofungua mlango

Haki ni kuanza na wema wa mpango huu, maana upo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Mkenya wa kawaida alipata njia ya kutuma na kupokea hela kidogo kidogo bila kupanga foleni benki. Juu ya njia hiyo zikajengwa biashara nyingine. Mwaka 2012 M-KOPA ikaanza kuuzia familia za mashambani taa za sola kwa malipo ya kila siku, na anayekosa kulipa taa yake inazimwa kutoka mbali. Ufundi huohuo ndio uliohamia kwenye simu. Julai 2020 Safaricom na Google wakatangaza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao ulimwezesha mteja kuchukua simu ya 4G na kuilipia shilingi 20 kwa siku. M-KOPA yenyewe iliingia katika simu, Watu nayo ikatoka kukopesha pikipiki ikafika kwenye simu, na leo ni vigumu kupata mji wa kaunti ya Kajiado usio na bango la simu ya mkopo, kuanzia Ongata Rongai na Ngong hadi Isinya, Bissil, Namanga na Loitokitok.

Mlango huu ulihitajika. Mwaka 2009 serikali iliondoa VAT kwenye simu, lakini sheria mpya ya mwaka 2013 ikairudisha, na mwaka 2022 ukaongezwa ushuru wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje. Simu ikawa ghali, na wakati huohuo serikali ikahamishia huduma zake mtandaoni. Oktoba 2023 Rais William Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, mwendo mfupi tu kutoka Kitengela, na simu zake za kwanza zikaanza kuuzwa shilingi 7,499. Hiyo ni bei nafuu kwa mwenye mshahara wa ofisini. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, ambaye kodi ya nyumba na maji ya boza vinamsubiri, shilingi 7,499 kwa mpigo ni mlima. Mkopo ndio uliomtoa kwenye kabambe ukampa simu ya kisasa.

Kwa hiyo sisimami hapa kudai simu za mkopo zipigwe marufuku. Nadai mkopo wenyewe uwe wa haki. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kampuni hizi zimekijaza chao kwa haba za mama mboga. Lakini wahenga haohao walisema pia bandu bandu huisha gogo. Shilingi zinazojaza kibaba cha mmoja ndizo zinazolimaliza gogo la mwingine, na mwenye gogo ana haki ya kujua limebaki kiasi gani.

Hesabu isiyoandikwa ukutani

Tazama mabango. Kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni malipo ya kwanza na malipo ya kila siku. Jumla haionekani. Tuchukue mfano wa kawaida tuupigie hesabu. Tuseme simu inauzwa shilingi 15,000 taslimu. Kwa mkopo, mteja anatoa 3,000 za kwanza, kisha 70 kila siku kwa mwaka mmoja. Sabini ni pesa ndogo. Haitoshi hata chakula cha mchana kibandani. Lakini 70 mara siku 365 ni 25,550. Ongeza zile 3,000, unapata 28,550. Simu ya elfu kumi na tano imekaribia elfu ishirini na tisa.

Mtu huyohuyo angeziweka zile 3,000 kwenye chama, kisha kila siku akaongeza 70 zilezile, angefikisha 15,000 kabla ya miezi sita kwisha. Angesubiri nusu mwaka na kuokoa shilingi 13,550. Hizo ni karo ya muhula kwa shule nyingi za kutwa za mtaani, au miezi kadhaa ya kodi ya chumba kimoja. Je, kila mtu anaweza kusubiri? Hapana. Anayehitaji simu ili apate kazi leo hawezi kungoja nusu mwaka, na si kosa kwake kulipia haraka yake. Kosa ni kumfanya ailipie bila kujua bei yake. Mbona basi jumla isiandikwe ukutani kwa herufi zenye ukubwa uleule wa zile sabini?

Hesabu hii ndiyo inayomrudia mteja siku anapotaka kubadilisha simu. Kampuni nyingi humwahidi mlipaji mzuri kwamba atafunguliwa njia ya kupata simu bora au hata mkopo wa pesa. Ahadi ni nzuri. Lakini fikiria aliyefikia mwezi wa nane katika mfano wetu. Siku 240 mara 70 ni 16,800. Pamoja na malipo ya kwanza ametoa 19,800. Ameshapita bei ya taslimu kwa karibu elfu tano. Bado anadaiwa siku 125, yaani shilingi 8,750. Akiomba kumaliza leo, anatakiwa kulipa 8,750 zote bila kupunguziwa kitu, ingawa gharama ya kumkopesha kwa miezi minne ijayo haitakuwapo tena. Akiomba kubadilisha, simu aliyonayo huhesabiwa kana kwamba haina thamani, na deni jipya linaanza upya na malipo ya kwanza mapya. Ile sifa ya kulipa vizuri imemnunulia nini? Imemnunulia ruhusa ya kukopa tena kwa bei ya mtu asiyejulikana.

Na mfukoni mwake deni hilo halikai peke yake. Siku mkono ukiwa mtupu, wengi hukimbilia Fuliza, huduma iliyoanza Januari 2019 ya kukopeshwa pale salio la M-Pesa linapopungua. Simu inalipiwa kwa Fuliza, Fuliza inajilipa yenyewe mara tu hela ya wateja inapoingia, na jioni hela ya unga haipo. Kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hapa matanga ni ya kila siku, na nyumba nzima ndiyo inayoyakalia, hata watoto ambao hawakuishika hiyo simu.

Mbuzi hupatanwa bei, simu hupangiwa

Nenda kwenye mnada wa mifugo wa Bissil au wa Kajiado mjini uone watu wetu wanavyojua kufanya biashara. Mzee wa Kimaasai anamtazama mbuzi meno, anampapasa mgongo, anauliza ametoka wapi, anataja bei yake, anageuka kama anayeondoka, anaitwa, anarudi. Pande zote mbili zinamwona mbuzi yuleyule, zote zinajua majirani wameuza kwa ngapi, na kila mmoja ana uhuru wa kwenda zake. Wakikubaliana wanapeana mikono, na mbuzi akishalipiwa ni wa mnunuzi mpaka kwato. Biashara haigombi, walisema wazee, na haigombi kwa sababu wote wawili wana kitu cha kushikilia.

Mzee huyohuyo akiingia duka la simu ananyamaza. Si kwamba amesahau kupatana bei. Ni kwamba hana cha kushikia. Bei ya taslimu hajaambiwa. Mkataba umeandikwa kwa Kiingereza na kurasa zake anazikubali kwa kugusa kioo cha simu inayoshikwa na mtu mwingine. Kijana aliye mbele yake ni mwenye adabu na bidii, lakini mara nyingi riziki yake ni kamisheni ya kila simu mpya anayoiuza. Kumhudumia aliyekuja kumaliza deni hakumwingizii kitu, na hana mamlaka ya kupunguza hata shilingi kumi. Mwenye mamlaka hana uso. Yuko upande wa pili wa sistimu.

Hapo ndipo hasira zinapozaliwa, na ninaomba tuzielewe vizuri. Watu hawakasiriki kwa sababu wanadaiwa. Mkenya amezoea kudaiwa, na anajua dawa ya deni ni kulipa. Wanakasirika kwa sababu wanazungumza na mtu asiyeweza kuwaamulia, juu ya hesabu wasiyoonyeshwa, kwa mkataba wasiouelewa. Wengine humfokea yule kijana wa kaunta, ambaye naye ni mpangaji mtaani kama wao na pengine analipia simu yake vilevile. Waliobuni mkataba hawasikii kelele hizo. Majirani wanagombana, na mwenye mkataba analala salama.

Jambo hili si la Kajiado peke yake. Nchini Uingereza, ambako simu huchukuliwa kwa mkataba wa miezi mingi unaojumuisha kifaa na muda wa maongezi, watu wengi waliendelea kulipa kiasi kilekile cha mwezi hata baada ya kumaliza kuilipia simu yenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mkataba umeisha. Mamlaka ya mawasiliano ya huko, Ofcom, haikuwaambia wateja wawe waangalifu zaidi. Tangu Februari 2020 imezilazimisha kampuni kumjulisha mteja kabla mkataba wake haujaisha, na kumweleza analipa ngapi sasa, atalipa ngapi baadaye na ana nafuu gani nyingine. Ikiwa Uingereza yenye wateja waliosoma mikataba kwa lugha yao iliona haja ya kumshika mteja mkono, sisi tunangoja nini?

Kufuli linalofunga riziki

Kuna watakaosema simu ni anasa, na asiyeweza kulipa arudi kwenye mulika mwizi yake. Anayesema hivyo hajaishi Kitengela ya leo. Usajili wa bima ya afya ya SHA hufanywa kwa simu. Ombi la cheti cha kuzaliwa, la leseni ya kuendesha gari na la hati ya polisi ya tabia njema hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na eCitizen iko kwenye simu. Kijana wa bodaboda anayepokea wateja kupitia programu hawezi kuwapokea bila simu. Mama mboga wa Noonkopir huagiza nyanya kwa WhatsApp na kupokea malipo kwa M-Pesa. Fundi wa bomba huitwa kwa simu, na kibarua wa mjengo husubiri simu ya foromani alfajiri.

Simu ya mkopo ikipitisha siku bila malipo, programu iliyopachikwa ndani yake huifunga. Kioo hubaki na maelezo ya kulipa na nafasi ya kupiga nambari za dharura au za kampuni. Kwa mwenye bodaboda wa programu, hapo kazi imekufa. Hana pesa kwa kuwa hajafanya kazi, na hawezi kufanya kazi kwa kuwa hana pesa. Kisha angalia jambo jingine zito zaidi: jumbe za M-Pesa zinazothibitisha malipo yake, mkataba wenyewe na historia ya deni vyote vimo ndani ya kifaa kilichofungwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limefungiwa kabatini na ufunguo anao yule mnayebishana naye.

Ndiyo maana mteja mwenye malalamiko ya haki, kwa mfano aliyelipa lakini malipo yake hayajaonekana, huogopa kubishana sana. Anajua mwenzake anaweza kuzima simu yake katikati ya mazungumzo. Kuna kupatana bei kwa namna hiyo?

Malipo ya kila siku kwa mtu wa msimu

Kajiado ina mapato ya aina nyingi, lakini mikataba hii inajua moja tu. Imekatwa kwa kipimo cha mtu anayepata hela kila jua linapochomoza: bodaboda, kinyozi, muuza chapati. Kitengela ina wengi wa hao. Lakini ina pia maelfu wanaofanya kazi katika viwanda vya nguo vya eneo la EPZ pale Athi River, ambao mshahara wao huja mara moja kwa mwezi. Mfanyakazi wa cherehani kiwandani ana uhakika wa hela kuliko bodaboda, ila kuanzia tarehe 20 hana kitu mfukoni. Mkataba wa kila siku unamhesabu kuwa mlipaji mbaya kila mwezi, ilhali tarehe 2 angeweza kulipa mwezi mzima.

Shuka kusini zaidi, vuka Isinya na Kajiado mjini, utamkuta mfugaji. Hela yake inatembea kwa miguu minne. Akiuza mbuzi mmoja anaweza kulipia simu miezi kadhaa, lakini humuuza mbuzi pale anapolazimika, tena bei inapokuwa nzuri. Kwenye ukame uliotesa kaunti hii kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, mifugo iliisha mazizini na bei ya waliobaki ikaanguka. Mfugaji aliyekuwa na simu ya mkopo wakati huo alitakiwa ama auze ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kutupa, au afungiwe simu ambayo ndiyo iliyomwambia mahali mvua ilikonyesha na ndiyo iliyopokea hela za msaada kutoka kwa mwanawe aliye Nairobi.

Mtu huyu akija mjini kuomba mkataba wake ubadilishwe, alipe kwa msimu badala ya siku, anaomba jambo la maana kibiashara. Vyama vya ushirika vya wakulima vimekopesha kwa msimu wa mavuno kwa miongo mingi katika nchi hii. Kwa nini kampuni yenye tarakilishi zinazoweza kuifunga simu ya mtu aliye Magadi kutoka ofisini Nairobi ishindwe kupanga malipo ya mara nne kwa mwaka?

Sheria ipo, usimamizi uko wapi?

Huenda msomaji akadhani naomba mambo mapya. Ninachoomba kwa sehemu kubwa kimeshaandikwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu mikataba ya mikopo. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hiyo mkataba wa Kiingereza pekee kwa mteja asiyekisoma hauna kisingizio.

Ipo sheria ya zamani zaidi ambayo tungeikumbuka: Sura ya 507, sheria ya ununuzi kwa awamu, iliyopitishwa mwaka 1968, enzi za cherehani, redio na fanicha za kulipia polepole. Wabunge wa wakati ule waliona mambo mawili tunayoyaona leo. Kwanza, walitaka mnunuzi aambiwe kwa maandishi bei ya taslimu kabla mkataba haujafungwa. Pili, walisema mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kuja kumnyang'anya kitu bila kwenda mahakamani. Busara yake ni wazi. Aliyelipa theluthi mbili ameshathibitisha nia yake, na kitu kile ni chake zaidi kuliko cha muuzaji. Wakati ule kunyang'anya kulihitaji lori na vijana wa kubeba. Leo kunahitaji kubonyeza kitufe. Je, kwa kuwa lori halionekani, haki ya theluthi mbili imekufa?

Hadi hivi karibuni kampuni za simu za mkopo zilipita katikati ya wasimamizi. Hazikuwa benki, wala hazikuwa kampuni za mawasiliano zote. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zililenga hasa mikopo ya pesa kupitia programu. Lakini Desemba 2024 Rais alitia sahihi marekebisho ya sheria za biashara yaliyopanua mamlaka ya Benki Kuu yawafikie wakopeshaji wasiopokea amana, pamoja na biashara ya kununua sasa na kulipa baadaye. Kisingizio cha kukosa mwenye kusimamia kimekwisha. Sasa tunadai usimamizi wenyewe.

Kaunti nayo isijifiche. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti jukumu la biashara, likiwemo suala la biashara ya haki. Maafisa wa vipimo hukagua mizani ya muuza nyama Kitengela ili nusu kilo iwe nusu kilo. Hilo ni jema. Lakini familia inayopoteza gramu 50 za nyama kwa wiki inapoteza kidogo kuliko inayolipa elfu kumi na tatu za ziada kwa mwaka bila kuambiwa. Afisa wa biashara wa kaunti anaweza kuingia duka la simu kama anavyoingia buchari na kuuliza: jumla ya malipo imeandikwa wapi?

Hoja ya kampuni, na jibu lake

Kampuni zina hoja, na tuisikilize. Zinamkopesha mtu asiye na payslip, hatimiliki wala mdhamini. Baadhi ya wateja hutoweka. Simu huibwa, huvunjika, hupelekwa kwa mafundi wanaojaribu kuondoa kufuli. Pesa za kununua hizo simu nazo zimekopwa, mara nyingi kwa dola. Bila kufuli na bila bei ya juu, wanasema, mama mboga angerudi kwenye kabambe.

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Mkopo wa hatari una gharama, na asiyelipa hafai kubebwa na anayelipa. Lakini mkono uleule wa hoja unaipiga kampuni yenyewe. Ikiwa bei ni ya juu kwa sababu mteja hajulikani, basi baada ya kulipa miezi minane bila kuruka siku ameshajulikana. Hatari imeshuka, bei nayo ishuke. Ikiwa kufuli ni la kumzuia asitoweke na simu ambayo hajailipia, basi aliyepitisha bei ya taslimu hana alichotoroka nacho. Huwezi kumtoza mtu bei ya mgeni mpaka mwisho wa mkataba, kisha akirudi kuchukua simu ya pili umtoze tena bei ya mgeni. Kumbukumbu za malipo yake unazo zote. Unazitumia kumfungia anapochelewa siku moja; zitumie pia kumpunguzia kwa siku zote alizowahi.

Na kusema bei wazi hakumgharimu muuzaji mwaminifu chochote. Anayeona hasara katika kuandika jumla ukutani ametuambia kwamba faida yake iko katika kutojua kwa mteja.

Tudai haya

Benki Kuu inapoandika kanuni za wakopeshaji hawa, iweke humo mambo yafuatayo, nayo Mamlaka ya Ushindani iyasimamie madukani. Kila tangazo la simu ya mkopo lionyeshe bei ya taslimu na jumla ya malipo kwa herufi sawa na zile za malipo ya siku. Kila mteja apate, kwa ujumbe mfupi usiotegemea programu iliyofungwa, taarifa ya mwezi inayosema amelipa ngapi, anadaiwa ngapi na akimaliza leo atalipa ngapi. Anayemaliza mapema apunguziwe. Anayebadilisha simu ahesabiwe thamani ya ile anayoirudisha. Aliyelipa theluthi mbili asifungiwe kazi yake bila onyo la kutosha na nafasi ya kujieleza kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Mkataba uwe kwa Kiswahili, na asiyesoma asomewe kwa lugha anayoielewa. Mwenye mshahara wa mwezi na mwenye mifugo wapewe ratiba inayofuata mapato yao.

Sisi wanunuzi nasi tuna wajibu. Kabla hujatoa malipo ya kwanza, uliza bei ya taslimu, kisha zidisha malipo ya siku mara idadi ya siku hapohapo dukani, kwa sauti. Andika kila malipo kwenye daftari la karatasi. Ukijibiwa kwamba sistimu imekataa, omba jibu hilo kwa maandishi na jina la anayehusika, kisha lipeleke Benki Kuu na Mamlaka ya Ushindani, ambazo hupokea malalamiko ya umma bila ada. Vyama vya akina mama vya Kitengela vimeshajua kununua sufuria, matangi ya maji na hata viwanja kwa pamoja. Watu ishirini wanaoingia duka moja wakitaka simu ishirini hawazungumzi kama mtu mmoja aliyesimama kaunta. Hao watakaa, na bei itajadiliwa.

Kampuni zimejenga utajiri kwa kuwaamini watu ambao benki ziliwakataa, na watu hao wamelipa. Wamelipa jua likiwaka, mifugo ikifa na mishahara ikichelewa. Imani hiyo haiwezi kuendelea kwenda upande mmoja. Aliyeaminika kulipa kila siku aaminiwe pia kuona hesabu yake, na akishaiona, apewe mtu wa kupatana naye mwenye uwezo wa kusema ndiyo.